Kilichomo Chini ya Jembe

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Historia ya Nachingwea na Ruangwa ni historia ya watu waliotaka cha mvunguni, na si wote waliokubali kuinama.

Mwaka 1946 Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield. Kwa wiki tisa tu waliipitia Tanganyika, mara nyingi wakiitazama kutoka ndani ya ndege. Mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Karanga: zaidi ya ekari milioni tatu zilimwe, hasa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954, shehena ya karanga iliyokusudiwa ikiwa haipo. Reli ilifungwa 1962.

Kutoka angani, msitu ulionekana kama dalili ya rutuba. Lakini udongo hauzaliwi na msitu peke yake. Huzaliwa na mwamba ukikutana na hewa. Mvua hubeba hewa ya ukaa, ikawa kama asidi dhaifu, nayo huumega mwamba kwa maelfu ya miaka. Sehemu moja huwa mfinyanzi, unaokauka na kuwa mgumu jua likiwaka. Nyingine hubaki mchanga mkali unaokula majembe ya chuma. Isitoshe, kusini mvua ni ya msimu mmoja. Hayo mkulima wa hapo aliyajua kwa mkono wake, na wachache walimwuliza.

Mwamba wenyewe una historia ndefu zaidi. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara mawili yaligongana hapa, na tope la bahari ya kale likasukumwa kilometa nyingi chini. Kwa joto na mgandamizo, mabaki ya viumbe yaliyokuwa ndani ya tope yakawa kinywe, madini meusi ya penseli na ya betri. Kisha mmomonyoko ukaondoa yaliyofunika, na mizizi ya milima ile ikafika karibu na jembe.

Leo kinywe cha Ruangwa kinatafutwa na kuchimbwa, na wageni wanakuja tena. Kisheria madini ni mali ya taifa. Mwenye shamba hudai fidia ya kilicho juu: mikorosho yake, nyumba yake, makaburi ya wazee wake. Ndipo ninapojiuliza, ndugu msomaji: safari hii, nani atakayeinama kwanza na kumwuliza mwenye shamba? Mwamba ulingoja miaka milioni mia kadhaa. Kumsikiliza mzee mmoja wa kijiji hakuchukui hata alasiri nzima.