Kifaa Kilichofungamana na Gari Jingine

Tangazo linasema Accessport iliyotumika, ya Subaru, inafanya kazi vizuri, bei maelewano. Mnunuzi anailipia, anaichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anafungua swichi bila kupiga stata. Kioo kinawaka, menyu inatokea, halafu kifaa kinagoma: kumbukumbu yake inaonyesha kwamba kimeshawekwa kwenye gari jingine. Hakuna kilichoharibika. Kifaa ni kizima, waya ni mzima na gari halina kasoro. Kinachomkwamisha mnunuzi huyo ni hali ambayo watengenezaji wameipa jina la married, yaani kifaa kiko kwenye ndoa. Kwa Kiswahili hali hiyo haijapata jina la kueleweka, na mtu anaponunua kitu cha mtumba, jina la kueleweka linaweza kumwokolea fedha nyingi.

Ni vizuri kuanza na kazi yenyewe. Enzi za kabureta, fundi alityuni injini kwa bisibisi na sikio: anakaza skrubu ya hewa, analegeza ya mafuta, anazungusha distribyuta kidogo hadi mngurumo utulie. Gari la leo halina skrubu hizo. Kiasi cha petroli kinachomwagwa na kila injekta, nyuzi ambazo plagi inatangulia kupiga cheche kabla pistoni haijafika juu, na busti ambayo tabo inaruhusiwa kusukuma, vyote vimeandikwa kwenye majedwali ndani ya kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Upande mmoja wa jedwali kuna mizunguko ya injini kwa dakika, upande wa pili kuna mzigo inaoubeba, na kila kisanduku kina namba moja. Wenye kazi yao huliita jedwali hilo ramani. Kutyuni siku hizi ni kuandika ramani mpya juu ya ile ya kiwandani.

Accessport ni kifaa cha kushika mkononi cha kufanya kazi hiyo bila kufungua kontroli boksi. Inatengenezwa na Cobb Tuning, kampuni ya Texas iliyoanzishwa mwaka 1999 na kujijengea jina kwa wenye Subaru kabla ya kuhamia pia kwenye Mazda, Ford, Volkswagen na wengine. Kila aina ya gari ina toleo lake, na toleo la Subaru halizungumzi na Mazda.

Kwenye Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile za soko la Marekani, kazi inaanza chini ya dashibodi. Kuna plagi mbili za kijani zinazoning'inia bila kuunganishwa, na kiwandani ziliachwa hivyo makusudi. Fundi anaziunganisha, anafungua swichi, na gari linaingia katika hali ya majaribio: taa ya injini inapepesa, feni ya rejeta inawaka na kuzima yenyewe, na pampu ya mafuta inasikika nyuma ikiamka na kulala. Mgeni wa mambo haya angedhani kuna shoti mahali. Hapo ndipo kifaa kinapoanza, na kabla ya kuandika chochote kinasoma kwanza. Kinavuta programu yote ya asili kutoka kwenye kontroli boksi na kuihifadhi ndani yake, kinanakili utambulisho wa gari hilo, ndipo kinaandika ramani mpya. Wakati huo betri haitakiwi kuyumba hata kidogo, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya uandishi kontroli boksi inaweza kubaki na programu nusu, na gari lenye programu nusu haliwaki.

Kinachotokea katika dakika hizo ndicho kiini cha istilahi hii. Kazi ikiisha, gari linatembea kwa ramani iliyotoka kwenye kifaa, na kifaa kimebaki na programu ya asili ya gari. Kila kimoja kimeshika kitu cha mwenzake. Tangu hapo kifaa hakikubali gari la pili mpaka kirudishwe kwenye lile la kwanza, kiandike upya programu ya asili na kufuta utambulisho kilioubeba.

Watengenezaji wana sababu zao. Ya kwanza ni ya biashara: kinachouzwa ni haki ya kutyuni gari moja kwa wakati mmoja, na bila kizuizi hicho kifaa kimoja kingezunguka mtaa mzima. Ya pili ni ya usalama, nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Programu ya asili ikipotea, au ikiandikwa ya gari moja kwenye kontroli boksi ya gari lingine, hasara ni ya mwenye gari. Kifaa kinachokataa kuondoka bila kurudisha amana kinamlinda mmiliki wa kwanza hata kama kinamuudhi wa pili.

Sasa jina. Wepesi wa kusema "kifaa kimeoa" unavutia, na vijana wa gereji wataliweka kinywani mara moja, lakini ndoa ya Kiswahili inavuruga maana karibu kila upande. Kwanza sarufi inadai kujua nani kaoa na nani kaolewa, swali ambalo kwa kifaa na gari halina jibu. Pili, kwa wasomaji wengi wa pwani na bara, mume mwenye mke mmoja anaweza kuoa wa pili bila kumwacha wa kwanza, ilhali jambo pekee ambalo neno la Kiingereza lilitaka kulisema ni kwamba gari la pili haliwezekani. Tatu, talaka inaweza kuandikwa mume akiwa mbali, ikamfikia mke kwa barua. Kifaa hiki hakiachani na gari kwa mbali. Ni lazima vyote viwili viwe mahali pamoja, waya ukiwa umechomekwa.

Kuoanisha lingefaa zaidi kama lisingekuwa na kazi tayari. Menyu za Kiswahili za simu hulitumia kwa Bluetooth, na kila mtu anajua kwamba spika iliyooanishwa na simu moja inaweza kuoanishwa na nyingine dakika hiyohiyo. Kusajili linafanya jambo lionekane la makaratasi, kana kwamba likimalizika ofisini limekwisha. Kuloki, neno ambalo mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam inalijua kutokana na simu zilizolokiwa kwa mtandao mmoja, linaeleweka upesi, ila linamtuma msikilizaji kwa fundi wa simu kutafuta namba za siri, na hapa hakuna namba ya kubonyeza. Kufungia nalo lina doa: gazeti likifungiwa limepigwa marufuku, na wimbo vilevile. Kifaa kilichofungiwa kingedhaniwa kuwa kimezuiwa na serikali.

Jibu bora liko ndani ya shina hilohilo la funga, kwa sababu Kiswahili cha mafundi kilikwisha fanya nusu ya kazi. Fundi hufunga redio, hufunga kengele ya wizi, hufunga mtungi wa gesi. Kufunga ni kuweka kifaa mahali pake kikafanya kazi. Na kwa Accessport, kuweka ndiko kunakozaa kizuizi, ni tendo moja. Kwa hiyo tendo liitwe kufunga. Hali inayofuata iitwe kufungamana, umbo linalosema pande mbili zimeshikana, kwa jinsi kifaa na gari vinavyoshikiliana amana. Na kutoka humo kuitwe kufungua, kinyume ambacho hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayehitaji kufundishwa. Kufungamana si neno geni kwa masikio: kizazi kizima kimesikia redioni habari za nchi zisizofungamana na upande wowote. Tangazo likisema "kifaa hakijafungamana na gari lolote", mnunuzi amepata habari aliyoihitaji kwa maneno matano. Likisema "kimefungamana na Impreza ya 2005", swali linajitokeza lenyewe: Impreza hiyo iko wapi?

Swali hilo ndilo zito kuliko yote. Kama gari lipo na mwenyewe yupo, kazi ni fupi: kifaa kinapelekwa kwake, programu ya asili inarudishwa, kifaa kinatoka huru. Ndiyo maana muuzaji mwaminifu hufungua kifaa kabla ya kukipiga picha ya tangazo, na mnunuzi mwangalifu hudai picha ya kioo kinachoonyesha hakijafungwa popote. Mambo huwa magumu gari lilipopata ajali, likauzwa vipande, au kontroli boksi ilipoungua ikabadilishwa. Katika hali ya mwisho mmiliki ni yuleyule na gari ni lilelile, lakini kifaa kimefungamana na kontroli boksi iliyokufa na hakiitambui mpya. Vilevile gari linaweza kurudishiwa programu ya asili kwa njia nyingine, tuseme kwa mashine ya wakala, na kifaa kisiwe na habari. Chenyewe bado kinajihesabu kuwa kimefungwa. Hapo aliyebaki na ufunguo ni mtengenezaji, na ni kwake mnunuzi anapaswa kwenda akiwa na namba ya kifaa na uthibitisho wa ununuzi.

Si kila mtengenezaji anafunga kwa njia hiyo. DiabloSport, wanaojulikana zaidi kwa magari ya Kimarekani, huuza leseni ya ziada inayotolewa kwa namba ya chesisi, hivyo kifaa kilekile kinaweza kulipiwa gari jingine. HP Tuners hutumia mfumo wa vocha: kiunganishi hakifungamani na gari, ila kila gari linaloandikwa hukatwa vocha zake. Na kwa Subaru na Mitsubishi kuna OpenPort ya Tactrix, kebo ya kawaida isiyofungamana na chochote, inayotumiwa pamoja na programu za bure kama RomRaider. Nayo inadai fundi anayejua kusoma majedwali, kwa sababu kebo haimkatazi mtu kuandika upuuzi.

Kifaa kikifunguliwa, bado kuna mlango wa pili, na kwa Afrika Mashariki huu ndio unaowaangusha wengi. Kila toleo la kifaa lina orodha ya kontroli boksi linazozijua. Impreza STI iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 2004 ilikuja na injini ya lita 2.5, wakati ya Japani ilibaki na EJ20 ya lita 2.0, kwa programu tofauti kabisa. Magari yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yanatoka zaidi Japani, na vifaa vingi vya mtumba vinavyouzwa mitandaoni vilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Majina ya magari yanafanana hadi kwenye nembo ya nyuma, ila kifaa hakisomi nembo. Namba ya chesisi ni kikwazo kingine: gari la Marekani lina namba ya tarakimu na herufi 17, zisizokuwa na I, O wala Q, ilhali Impreza ya Kijapani ina namba fupi inayoanza na alama kama GDB na kistari. Kifaa kinachosubiri herufi 17 kitasubiri bure.

Na kuna namba moja inayostahili tahadhari kuliko zote. Ramani za Marekani hubeba jina la petroli iliyokusudiwa, mara nyingi 91 au 93. Namba hizo ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, cha utafiti na cha mota. Viwango vya petroli vya Afrika Mashariki hutajwa kwa kipimo cha utafiti peke yake, RON, ambacho siku zote huwa juu zaidi. Petroli ya 93 ya Marekani inakaribia RON 98. Mtu wa Nakuru au Morogoro anayesoma 93 kwenye kioo cha kifaa na kukumbuka RON 93 aliyoiona kwenye risiti ya kituo ataamini zinalingana, kumbe ramani hiyo inatanguliza cheche na kuongeza busti kwa kutegemea mafuta yaliyo bora zaidi. Injini ya EJ ikianza kugonga chini ya busti kubwa, kinachoathirika kwanza mara nyingi ni pistoni, kwenye kingo nyembamba zilizo kati ya ringi.

Hatari hiyo inaongezeka pale kifaa kinapofika na ramani alizoziacha mwenyewe wa kwanza. Huenda alikuwa na injekta kubwa, au ekzosi iliyofunguliwa, au pampu ya mafuta ya nguvu zaidi, na ramani yake ikaandikwa kwa vipuri hivyo. Faili la namna hiyo lifutwe kabla kifaa hakijafungwa kwenye gari jipya. Ramani ya kwanza iwe ile ya chini kabisa inayolingana na gari lilivyo, na fundi aendeshe huku kifaa kikirekodi marekebisho ambayo kontroli boksi inayafanya kwenye taimingi kila inapohisi injini ikigonga.