Mizizi ya Kigiriki na Kilatini: Mlango Uliofungwa Zamani

Mtoto wa Tanzania katika shule ya msingi hufundishwa usanisinuru. Neno ni refu, lakini nuru anaiona humo ndani tangu siku ya kwanza. Akiingia kidato cha kwanza, jambo lile lile huitwa "photosynthesis", naye hulikariri kama namba ya simu. Wengi wetu hudhani kwamba ugumu huo unatokana na ugeni wetu katika Kiingereza. Historia inasema vingine: Waingereza wenyewe waliwahi kuachwa nje ya mlango huo.

Wanormandi walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala, huku Kilatini kikibaki lugha ya Kanisa na elimu. Katika karne ya 16, wasomi walioanza kuandika elimu kwa Kiingereza walichota maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa wingi. Si wote walioridhia. John Cheke, aliyepata kuwa profesa wa Kigiriki Cambridge, aliandika mwaka 1557 akitaka Kiingereza kibaki safi, bila mchanganyiko wa maneno ya kuazima. Alipotafsiri Injili ya Mathayo, akida wa Kirumi alimpa jina lililoundwa kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mia moja. Hakuwa mtu wa kushindwa na Kigiriki; alikifundisha.

Cheke hakusikilizwa. Mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyekuwa mwalimu, alichapisha kamusi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye maneno magumu yapatayo 2,500. Alitaja wazi kwamba aliwakusudia wanawake na watu wasio na elimu kubwa. Yaani, wenye lugha walihitaji msaada ili waielewe lugha yao! Wavulana waliobahatika walisomeshwa Kilatini. Wasichana walio wengi na watoto wa makabwela hawakusomeshwa. Oxford na Cambridge ziliendelea kudai Kilatini kwa waombaji hadi zilipoamua kuliondoa sharti hilo kwa jumla mwaka 1960.

Ufunguo wenyewe si mkubwa. "Photo" ni nuru; "synthesis" ni kuunganisha. Ukijua kwamba "graph" ni kuandika, "photograph" inakuwa mwandiko wa nuru. "Bio" ni uhai, "geo" ni ardhi, "tele" ni mbali. Mbinu hii si ngeni kwetu: kitabu, katibu na maktaba vimechipuka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mizizi, hata hivyo, haitoshi peke yake. "Decem" ni kumi kwa Kilatini, lakini Desemba ni mwezi wa 12, kwa kuwa mwaka wa kale wa Kirumi ulianzia Machi.

Walimu wetu na waifundishe mizizi hii mapema, badala ya kumwita mjinga mtoto anayekariri. Lakini tusisahau somo la usanisinuru. Nuru nalo ni neno la kuazima, kutoka Kiarabu. Lakini hakuna mtoto asiyelijua. Swali la kuuliza juu ya lugha ya elimu si neno limetoka wapi, bali nani anaachwa nje linapotamkwa darasani.