Safu ya Walimu Nyuma ya Kocha wa Taifa

Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae wa Kenya alirusha mpira muda ukiwa unakwisha, ukazama kikapuni, na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, wakalala kwa alama 74 kwa 73. Kenya ikafuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Sifa zilimwendea kocha Liz Mills wa Australia, ambaye baadaye mwaka huo, huko Kigali, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo akiwa kocha mkuu. Alizistahili. Ila timu ilikuwa imeanza kuiva kabla yake: mwaka 2019, chini ya Cliff Owuor, Kenya ilifika fainali ya AfroCan mjini Bamako. Ninaloshikilia ni kwamba kocha wa taifa ndiye mtu wa mwisho katika safu ndefu ya walimu, na kwa Tanzania safu hiyo inaonekana vizuri zaidi Kanda ya Ziwa kuliko Dar es Salaam yenye ofisi na kumbi.

Chuo cha serikali cha maendeleo ya michezo kiko Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, kando ya reli iendayo Tabora. Hapo hufundishwa ukocha na uongozi wa michezo, na wahitimu huwa walimu na maofisa michezo wa halmashauri. Kazi yao haina kamera. Kwenye uwanja wa udongo mpira haudundi sawasawa, kwa hiyo mwalimu mwenye busara huanza na pasi na miguu, kudunda kukafuata. Na mtoto aliyejifunza hivyo huinua macho kumtafuta mwenzake kabla ya kukimbia. Msingi huo hauwekwi na kocha anayekabidhiwa wachezaji wiki chache kabla ya mashindano.

Watu watasema tatizo letu ni fedha na viwanja. Ni kweli kwa sehemu, lakini angalia kilichotokea mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliposimamisha michezo mashuleni, mashindano ya sekondari ya UMISSETA yakiwemo. Viwanja havikung'olewa. Kilichokatika ni mazoezi ya jioni na mashindano yaliyomfanya mwalimu abaki shuleni baada ya vipindi. Michezo ilirudishwa baadaye, enzi za Rais Kikwete, mwenyewe mchezaji wa kikapu tangu shuleni. Hata hivyo, kijana aliyekuwa na miaka 14 wakati wa katazo hilo leo anakaribia 40, umri ambao kocha huanza kukabidhiwa timu kubwa. Pengo hilo tunalilipia sasa.

Kuna pingamizi zito zaidi: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009, bila safu yoyote ya nyumbani. Lakini urefu wake pekee haukumfikisha huko. Alipitia shule za Marekani, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya Jim Calhoun, kocha aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa vyuo mara mbili. Alichokikuta ng'ambo ni walimu wa kumfundisha kila siku, mwaka baada ya mwaka, na walimu wa namna hiyo ndio Malya inaopaswa kuwapeleka Sengerema, Ukerewe na Magu, wakiwa na mipira ya kutosha na ratiba inayowapa jioni zao.