Kufuli Kwenye Simu

Siku ya tatu simu za ofisi zikikataa kupiga nje, mdosi alikuwa ashaamua mkosaji ni nani: dada wa mapokezi. Wateja walilalamika kwamba hakuna anayewapigia kuwajulisha mizigo yao imefika. Dada akajitetea kwamba anapiga kila siku, ila kila namba iko bize. Mdosi akacheka. Namba zote? Siku tatu? Barua ya onyo ikachapishwa, ikabaki sahihi tu. Mimi, kijana wa kompyuta, nikaomba nipewe mpaka saa kumi jioni.

Shaka ya aina hii haikuanzia kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City, Marekani. Enzi hizo ukiinua simu ulimwambia opereta unamtaka nani, naye akakuunganisha kwa mkono wake. Strowger alipoona wateja wanapungua, alimshuku opereta kwamba anawapeleka kwa mshindani. Wengine husimulia kwamba opereta huyo alikuwa mke wa mshindani mwenyewe. Iwe kweli au la, Strowger alibuni swichi ya kuunganisha simu bila opereta. Alipata hataza mwaka wa 1891, na 1892 mtambo wake ukaanza kazi mjini La Porte, Indiana.

Baadaye kikaja kile kisahani cha kuzungusha namba. Ukizungusha 5, umeme wa laini unakatika mara tano. Ukizungusha 0, mara kumi. Mtambo unahesabu tu.

Opereta akatoka katikati, lakini shaka ilibaki, sasa ikahamia kwa karani. Waulize wazee waliofanya kazi za ofisi hapa Kenya enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla livunjwe mwaka wa 1999. Watakuambia kuhusu kufuli dogo lililotiwa kwenye tundu la kisahani. Simu ilipokea vizuri, lakini kupiga nje ni mpaka mwenye ufunguo aje. Wajanja nao waligundua dawa: unagonga kile kitufe cha kukatia simu, mara tano kwa 5, mara kumi kwa 0, na mtu anapokea upande wa pili. Kufuli lilizuia kidole, halikuzuia laini.

Kwenye ofisi kubwa, kazi ya kufuli ilifanywa na tarakimu. Bonyeza 9 kwanza, ndipo upate laini ya nje. Asiyeruhusiwa, 9 yake haifungui kitu. Halafu mwaka wa 1999, kijana Mmarekani, Mark Spencer, alishindwa na bei ya mtambo wa simu kwa kampuni yake ndogo, akajiandikia programu, Asterisk, na kuitoa bure. Mtambo mzima ukaingia ndani ya kompyuta ya kawaida. Na ile 9 ikaingia nayo.

Sasa turudi kwetu. Simu za kutoka nje zilikuwa zinaingia, kwa hivyo laini ilikuwa nzima. Meza kwa meza tuliongea, kwa hivyo vifaa vilikuwa sawa. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikamwambia dada apige huku naangalia. Simu yake haikutoka hata nje ya seva. Kumbe wiki hiyo fundi aliyetuletea simu mpya alikuwa ametuambia tuache kubonyeza 9, siku hizi haina haja. Seva hakuiambia. Kanuni yake ilikuwa ile ile: namba isianze na 9, haina njia. Na mlio wa kukataliwa, masikioni mwa mtu asiyeambiwa, unafanana kabisa na wa namba iliyo bize.

Dada alikuwa anasema alichosikia.

Niliongeza kanuni moja, ya namba zinazoanza na 0. Dakika tano. Namba ya kwanza aliyopiga ilikuwa bize kweli, tukacheka mpaka machozi. Ya pili ikapokelewa.

Saa kumi mdosi alichana barua, akarudi ofisini kwake. Pole hakusema.