Historia na Ngano: Kitabu cha Kuisindikiza Njia ya Misafara

Kila taifa lina hadithi za namna mbili. Iko hadithi kubwa na ndefu, yenye majina ya watawala, vita, safari na miaka. Hiyo ndiyo tuiitayo historia. Tena ziko hadithi ndogo ndogo, zisizo na mwaka wala jina la mji, ambazo bibi huwasimulia wajukuu wake kando ya moto. Hizo ndizo ngano. Aghalabu hadithi kubwa husomwa darasani na kutahiniwa, na hizi ndogo huachwa nyumbani kama mchezo wa watoto. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba utengano huo una hasara, kwa kuwa hadithi kubwa haifahamiki sawasawa mpaka ile ndogo imewekwa kando yake. Mfano wetu mkuu utakuwa nchi ya Sikonge na njia ya zamani ya misafara iliyopita Tabora. Lakini kwanza inafaa tutazame jambo lililotokea mbali, maana litatupa mwanga.

Mwaka 1997 mwandishi wa Uingereza, J. K. Rowling, alianza kutoa mfululizo wa vitabu saba juu ya kijana mchawi aitwaye Harry Potter. Vitabu hivyo vilipendwa na vijana wa nchi nyingi mno. Katika kitabu cha saba, kilichotoka Julai 2007, mwalimu mkuu aliyekufa anamwachia mwanafunzi mmoja urithi wa ajabu: kitabu kidogo cha ngano za watoto. Ndani yake mna ngano ya ndugu watatu waliokutana na Mauti njiani, na katika ngano hiyo ndimo ulimofichwa ufunguo wa hadithi nzima. Harry na mwenzake Hermione hawakupata kuisikia, kwani wamelelewa nje ya jamii ya wachawi. Rafiki yao Ron ndiye aijuaye, kwa kuwa alisimuliwa na mama yake tangu utotoni.

Wasomaji walipomaliza kitabu hicho walitamani kukiona kile kitabu kidogo chenyewe. Mwandishi alikuwa ameandika nakala saba kwa mkono wake; sita aliwapa watu waliomsaidia kazi, na moja ikanadiwa London Desemba 2007, ikanunuliwa kwa pauni 1,950,000. Mashabiki walinung'unika kwamba ngano walizozingojea zimekuwa mali ya mnunuzi mmoja. Ndipo ilipofika tarehe 4 Desemba 2008, kitabu kikachapwa kwa watu wote, na mapato yake yakaelekezwa katika kuwasaidia watoto.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, mtu aliyekosa ngano za jamii yake, hata akiwa hodari wa vitabu, anaweza kupita mbele ya ufunguo asiutambue. Pili, hadithi kubwa ikiwaingia watu moyoni, wao wenyewe hudai kile kitabu kidogo cha kuisindikiza. Sasa na turudi nyumbani.

Sikonge iko kusini ya Tabora, kiasi cha kilomita 70, katika nchi ya misitu ya miyombo, mizinga ya nyuki na tumbaku. Wenyeji wake ni Wanyamwezi na Wakimbu, na sehemu hiyo imo ndani ya hadithi kubwa ya karne ya 19. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji. Matawi mengine yalishika kusini. Mwaka 1871, vita vya Mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya magharibi, msafara wa Stanley ulizungukia kusini kupitia Ugunda na Ukonongo ili kufika Ujiji. Katika miaka hiyo hiyo Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, aliiteka nchi ya Ukimbu na kuiunganisha chini ya utawala mmoja. Mirambo na Nyungu ya Mawe wote wawili walifariki mwaka 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani mpaka Januari 1893, ngome yake ilipoanguka. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na kazi ya upagazi iliyokuwa imewapa Wanyamwezi sifa kote Afrika Mashariki ikafikia ukingoni.

Hayo ndiyo mambo yaandikwayo katika madaftari ya wanafunzi. Lakini tuwafikirie wapagazi wenyewe. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 30 begani, na safari ya kutoka Unyanyembe mpaka pwani iliweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Mchana ulikuwa wa jua, kiu na sauti ya kirangozi aliyetangulia mbele. Usiku ulikuwa wa kambi, na kambini palikuwa na moto. Watu walioota moto pamoja usiku baada ya usiku hawawezi kunyamaza. Ndugu zao Wasukuma wana shikome, moto wa jioni ambapo wazee huwafunza vijana. Mpagazi aliyelelewa katika desturi za namna hiyo hakuiacha nyumbani alipojitwika mzigo. Kadhalika utani baina ya Wanyamwezi na makabila yaliyokaa kando ya njia, kama Wazaramo na Wagogo, ulistawi katika safari hizo. Mahali penye utani pana maneno, na mahali penye maneno ngano hupata wasikilizaji.

Hapa yatupasa tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema kwamba kila ngano inayofanana baina ya pwani na bara ililetwa na misafara. Haiwi hivyo daima. Tuchukue mfano wa ngano ya dubwana lenye kumeza watu. Huko Unguja katika karne ya 19 ilisimuliwa habari ya Nunda mla watu, paka aliyeanza kwa kula kuku akaishia kula watu, mpaka akauawa na mtoto wa sultani aliyedharauliwa. Huko Usukuma husimuliwa habari za Shing'weng'we aliyeumeza ulimwengu mzima, akanusurika mwanamke mmoja mja mzito. Mwanamke huyo akamzaa Masala Kulangwa, na mtoto alipokua akaliua dubwana, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Lakini ngano ya sura hiyo hiyo husimuliwa pia na Wabasotho wa Lesotho, mbali sana na njia ya Tabora. Basi yaelekea mzizi wake ni wa kale kuliko misafara. Njia haikuizaa ngano hiyo. Iliwakutanisha tu watu waliokuwa nayo tayari, kila mmoja kwa sura ya kwao.

Hata hivyo ngano ya kale husikika upya kila zama. Mtoto wa karne ya 19 aliyesikia habari za dubwana lenye kumeza vijiji aliishi katika nchi ambamo vijiji vilizungushiwa maboma, vita vya ruga-ruga vilienea, na watu waliweza kuchukuliwa utumwani kati ya mapambazuko na machweo. Historia itamwambia mwanafunzi mwaka ambao vita vilipiganwa. Ngano itamwonyesha mambo ambayo watu waliyahofu na mambo waliyoyatumaini, maana ndani yake mkombozi hatoki miongoni mwa wenye nguvu bali ni mdogo aliyesahauliwa. Tena haimwachi msikilizaji katika furaha nyepesi. Katika masimulizi yanayojulikana sana ya Usukuma, Masala Kulangwa anapolipasua dubwana, kisu chake kinamkata sikio bikizee mmoja aliyekuwamo tumboni, na bikizee huyo, badala ya kushukuru, anafunga kinyongo. Mwalimu wa historia akitaka kuwaeleza vijana kwamba ukombozi una gharama, na kwamba aliyekombolewa anaweza kubaki na jeraha la kweli, hatapata mfano mfupi kupita huo.

Sasa tutazame jinsi ngano zilivyoingia vitabuni. Pwani ilitangulia. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, zikiwamo habari za punda wa dobi, Sultani Darai na Nunda. Baadaye hadithi za Abunuwasi zikawa chakula cha kila shule. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hadithi za Alfu Lela Ulela zilianza kutolewa kwa Kiswahili, si kwa kitabu kimoja kinene bali kwa vitabu vilivyofuatana, na aliyekimaliza cha kwanza alikuwa na la kungojea. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu Dar es Salaam mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, likichapa hadithi za mfululizo, mashairi na barua za wasomaji. Reli ilikuwa imekwisha kufika Tabora, na shule ya serikali ilifunguliwa hapo mwaka 1925. Kungojea hadithi iliyokatizwa, basi, si jambo geni kwetu wala halikuanza na Harry Potter. Hata kabla ya gazeti, msimulizi aliyeusoma usingizi katika macho ya watoto aliikata ngano yake mahali patamu akawaambia, "Kesho."

Ngano na habari za Unyamwezi zilishika njia nyingine. Wamisionari wa Moravian, walioingia Unyamwezi mwishoni mwa karne ya 19 na kujenga kituo Sikonge mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na bidii ya kuandika lugha. Edmund Dahl alitunga kamusi ya Kinyamwezi iliyochapwa Hamburg mwaka 1915. Wilhelm Blohm alitoa vitabu vitatu juu ya Wanyamwezi, navyo vikachapwa Hamburg kati ya 1931 na 1933. Kimoja katika hivyo ni cha maandishi ya Kinyamwezi. Kazi hiyo yastahili heshima, kwa sababu imehifadhi mengi. Lakini maelezo yake yaliandikwa kwa Kijerumani, na nchi iliyokuwa ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Waingereza. Maneno yaliyotoka vinywani mwa wazee wa Unyamwezi yalisafiri mbali kuliko mpagazi yeyote, yakatua katika maktaba ambazo wajukuu wa wazee hao hawakuwa na njia ya kuzifikia.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1964 kilianzishwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa. Hadithi kubwa ya Unyamwezi nayo ilipata waandishi wake. Mwaka 1966 J. B. Kabeya alitoa kwa Kiswahili kitabu juu ya Mtemi Mirambo. Aidha, maisha ya Tippu Tip, ambaye baba yake alioa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa Kiswahili na Tippu Tip mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa Sikonge anayo hadithi kubwa ya kusoma. Kinachostahili kuwekwa kando yake mezani ni mkusanyo wa ngano za nchi hiyo hiyo, uliotolewa kwa uangalifu ule ule.

Wako wanaosema kwamba ngano ikiandikwa hufa, kwa kuwa hupoteza sauti, ishara za mikono na maitikio ya wasikilizaji. Hoja hiyo ina ukweli. Karatasi haiwezi kuitikia "Pakawa" msimulizi asemapo "Paukwa". Tena ngano haina sura moja; kila msimulizi huiongeza na kuipunguza, na mwandishi achaguaye sura moja huzinyamazisha nyingine. Lakini dawa si kuacha kuandika. Dawa ni kuandika vizuri: kuchukua masimulizi zaidi ya moja ya ngano ile ile; kuyaandika kwanza kwa Kinyamwezi au Kikimbu jinsi yalivyotamkwa, kisha kuyaweka kwa Kiswahili ubavuni mwake; kuandika mahali na siku iliposimuliwa; kumtaja msimulizi kwa heshima, endapo ameridhia; na kurudisha nakala kijijini ilikotoka. Kazi hiyo mwalimu mmoja na darasa moja wanaweza kuianza kwa daftari na kalamu, maana wanafunzi wenyewe wana babu na bibi.

Tofauti moja kati yetu na wale mashabiki wa Uingereza yafaa ikumbukwe. Kitabu walichokingojea kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwa hai, na nakala yake iliweza kununuliwa mnadani. Ngano za njia ya misafara zimo vichwani mwa wazee wengi, kila mmoja na fungu lake, nao wanapungua mwaka hata mwaka. Mzee akizikwa na ngano asiyoisimulia, hakuna pauni zitakazoinunua. Kwa hiyo kitabu cha kuisindikiza historia ya Unyamwezi hatuwezi kukingojea kwa kukaa kitako. Mwandishi wake ni yule kijana atakayekwenda jioni ya leo, akaketi karibu na moto, akasema, "Babu, niambie."