Kuaminiana Baada ya Moto

Habari tuliyo nayo leo ni nzito, lakini twaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 2008, watu walikuwa wamekimbilia ndani ya kanisa la Kenya Assemblies of God kule Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeleta fujo. Wakimbizi hao walikuwa Wakikuyu, wengi wao kina mama na watoto, nao walidhani hakuna mtu atakayethubutu kugusa nyumba ya Mungu. Kanisa likachomwa nao wamo ndani. Waliokufa walizidi 25. Na waliokuja na moto hawakutoka nchi ya mbali.

Siku hizo hizo maelfu waliingia katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, mjini Eldoret. Askofu Cornelius Korir, Mkatoliki na Mkalenjini, aliwapokea watu waliokuwa wakifukuzwa na vijana wa kabila lake mwenyewe. Sisi Waprotestanti tusione haya kujifunza kwake. Mwaka ule ule Baraza la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Walikuwa wakihubiri upendo Jumapili, na Jumatatu kila mtu na kabila lake.

Mapatano ya wakubwa yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa nchini. Lakini sahihi ya Nairobi haikumwezesha mama kurudi shambani na kulala usingizi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Askofu Korir, naye aliita njia yake Amani Mashinani. Hakuanza kwa kuwapeleka watu uwanjani wakumbatiane. Alianza na wachache, kisha kila upande ukakaa peke yake, ukatoa uchungu wake wote bila kukatizwa. Baadaye ndipo wakakutanishwa. Tena hawakuachwa na maneno matupu: walitafutiwa kazi ya pamoja, kama vile barabara, shule au josho la ng'ombe. Kupe hachagui kabila. Mtu akipeleka ng'ombe wake kwenye josho moja na yule aliyemwogopa jana, hana budi kusimama naye kwenye foleni, na siku ya tatu au ya nne atamwuliza habari za nyumbani.

Jambo hili si geni katika Biblia. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la kwanza lilikuwa na manung'uniko ya lugha: Wayahudi wa Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa chakula kikigawanywa. Mitume hawakuwakemea walalamikaji kwamba wanaleta ukabila. Walisikiliza, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia ugawaji. Sasa yatazameni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Ni kana kwamba ufunguo wa ghala la wote ulitiwa mikononi mwa upande ulionung'unika. Hapo imani ilikuwa imegusa chakula, wala haikuwa wimbo tu.

Askofu Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017. Katika nchi hii ya Uasin Gishu wapo waliorudi mashambani, na wapo wasiorudi kamwe, wala hatuwalaumu.

Basi jioni hii, kabla hamjazima taa, hesabuni wazee wa kanisa lenu, mtunza hazina, na wenye funguo za ofisi. Je, wote wanasema lugha moja ya nyumbani? Na yule anayekaa benchi la nyuma, ambaye jina lake linatoka upande mwingine, mmewahi kumkabidhi nini?