Meli ya Doria, Siri ya Nani?

1/ Mjadala wa bajeti ukifika kwa jeshi, hakosi mtu wa kusema: "Hayo ni mambo ya usalama, ni siri." Na hapa kwetu Nakuru mwingine anaongeza: "Kwani navy inatuhusu na nini? Bahari iko zaidi ya kilomita 600!" Wacha niwape historia ya meli moja. Sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Jeshi letu la wanamaji lilianzishwa Desemba 1964, na meli zake kubwa tumezinunua ng'ambo. KNS Nyayo na KNS Umoja zilijengwa Uingereza miaka ya 1980. KNS Shujaa na KNS Shupavu zilitoka Uhispania 1997, kwa wajenzi wanaoitwa Gondán.

3/ Julai 2003 serikali ikatia sahihi mkataba na kampuni ya Euromarine. Bei ilikuwa karibu shilingi bilioni 4.1. Kwenye karatasi, ilikuwa meli ya utafiti wa bahari. Iliyojengwa, palepale Gondán, ni meli ya doria ya mita 85: KNS Jasiri.

4/ Mkataba huo ukawa kati ya zile kandarasi 18 za usalama ambazo Mkaguzi Mkuu alizichunguza 2006. Ndizo tunaita Anglo Leasing. Malipo yakasimamishwa, mvutano ukaanza. Jasiri ilifika Mombasa 2012. Miaka tisa!

5/ Kumbuka miaka hiyo ilikuwa gani. Maharamia wa Kisomali walikuwa wakiteka meli Bahari Hindi, na Oktoba 2011 jeshi letu likaingia Somalia. Meli ya kulinda maji yetu bado iko Ulaya.

6/ Nakubali, siri za kweli zipo: uwezo wa rada, shabaha ya mizinga, ratiba ya doria. Lakini bei? Jina la muuzaji? Masharti ya malipo? Meli yenyewe ikiingia Kilindini, abiria wa feri ya Likoni anaiona bila darubini. Hapo adui amefichwa nini? Aliyefichwa ni mlipa ushuru.

7/ Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 201 kinadai uwazi kwa pesa za umma. Sheria ya 2016 ya kupata habari nayo inaruhusu kuzuia zile za kuhatarisha usalama wa taifa. Ugomvi wote uko hapo: nani anaamua kipi ni hatari?

8/ Na kwa wale wa "bahari iko mbali": walinzi wa pwani, kikosi kilichoanzishwa 2018, wanapiga doria hadi Ziwa Naivasha. Hiyo ni kaunti yetu. Muulize mvuvi wa Naivasha kama boti za serikali hazimhusu.

9/ Kwa hivyo mgombea akija kwa baraza akuambie "hiyo ni siri ya usalama", usibishane naye kuhusu mizinga. Muulize maswali matatu tu: Ni pesa ngapi? Analipwa nani? Na meli isipofika, nani anajibu?

Mnasemaje?